Somo la Tisa: Safari ya Udongo Kutoka Mlimani Hadi Ziwani

Fikiri kwamba umesimama ufukweni mwa Ziwa Nyasa, hapo Ngumbo, asubuhi moja ya mwezi wa Februari. Usiku mvua kubwa imenyesha milimani. Jana maji ya ziwa yalikuwa maangavu, hata uliweza kuona mawe yaliyo chini na samaki wadogo wakipita juu yake. Leo, mbele ya mlango wa kijito, maji yamekuwa mekundu kama udongo wa kufyatulia matofali. Wekundu huo umetanda ziwani, na watu waliokuja kuchota maji wanasogea mbali zaidi kutafuta mahali palipo safi.

Chota maji hayo kwa chupa isiyo na rangi. Iweke mahali pasipotikiswa, kisha uitazame tena jioni. Utaona maji ya juu yameanza kung'aa, na chini ya chupa pana tabaka la udongo. Lichunguze kwa makini. Chembe kubwa, yaani mchanga, zimekaa chini kabisa. Juu yake zimetua chembe laini zaidi.

Udongo huo ulitoka wapi? Ulisafirije? Na je, kuja kwake ziwani ni hasara ya nani? Hayo ndiyo tutakayojifunza katika somo hili.

Jinsi nchi ilivyokaa

Ngumbo ni kata iliyo kwenye mwambao wa mashariki wa Ziwa Nyasa, katika Mkoa wa Ruvuma, kati ya Lituhi na Liuli. Zamani sehemu hiyo ilikuwa ndani ya Wilaya ya Mbinga. Tangu mwaka 2012 imo katika Wilaya ya Nyasa. Uso wa ziwa uko mita 475 hivi juu ya usawa wa bahari. Ukiyapa maji mgongo na kutazama mashariki, unaona vilima vyenye miti, na nyuma ya vilima hivyo nchi inazidi kupanda mpaka Umatengo, ambako baadhi ya vilele vinakaribia mita 2,000. Kwa hiyo tone la mvua linaloanguka juu huko lina zaidi ya kilometa moja ya kushuka kabla halijafika ziwani, na njia yake si ndefu.

Si maji yote ya milima hiyo yanayokuja Ngumbo. Vijito vya upande wa magharibi hushuka moja kwa moja ziwani. Mito ya upande wa kaskazini huingia Mto Ruhuhu, ambao hufika ziwani karibu na Lituhi. Mto Ruvuma nao huanzia katika milima hiyo hiyo, lakini huelekea kusini na mashariki mpaka Bahari ya Hindi. Ni jambo la kupendeza kwamba hata maji ya Ziwa Nyasa huishia katika bahari hiyo, kwa kupitia Mto Shire na Mto Zambezi. Hata hivyo, ni sehemu ndogo tu ya maji inayotoka kwa njia hiyo. Sehemu kubwa zaidi hupanda hewani kama mvuke. Udongo hauwezi kuwa mvuke. Unaoingia ziwani hubaki humo.

Ikiwa unaishi mbali na Ziwa Nyasa, kama vile Lushoto, Morogoro au Kigoma, linganisha maelezo haya na mlima na mto ulio karibu nawe.

Msitu wa miyombo

Vilima vya Ngumbo, kama sehemu nyingi za kusini na magharibi ya Tanzania, vina msitu wa miyombo. Huu si msitu wenye giza na unyevu wa mwaka mzima. Miti yake imeachana kiasi, na nyasi huota katikati. Mvua hunyesha kwa msimu mmoja tu, kuanzia Novemba au Desemba hadi Aprili au Mei. Baada ya hapo nchi hukauka kwa miezi mingi. Humo mna miyombo yenyewe, mininga itoayo mbao nzuri, na mikusu ambayo matunda yake bila shaka watoto wa Ruvuma wanayafahamu kuliko mwandishi yeyote wa vitabu.

Nenda msituni mwezi wa Septemba au Oktoba, wakati nyasi zimekauka kabisa. Utaona jambo la ajabu: miyombo imekwisha kutoa majani machanga, mengine mekundu na mengine ya rangi ya shaba, ingawa mvua bado haijanyesha. Miti hiyo imepata wapi maji? Imeyapata chini sana ardhini, ambako mizizi yake mirefu hufika. Maji hayo ni ya mvua za msimu uliopita, yaliyopenya ardhini na kubaki humo. Chemchemi inayotiririka mwezi wa Oktoba hulishwa na akiba hiyo hiyo.

Sasa inama, ufukue taratibu majani makavu chini ya myombo mmoja. Juu kuna majani mazima. Chini yake majani yamevunjikavunjika. Chini zaidi kuna mboji nyeusi, na ndani yake utaona nyuzi nyeupe nyembamba sana. Nyuzi hizo ni za kuvu. Aina nyingi za kuvu huishi pamoja na mizizi ya miyombo na mikusu: kuvu huupatia mti maji na chumvichumvi za udongo, na mti huipatia kuvu sukari uliyoitengeneza kwa mwanga wa jua. Mvua inapoanza, baadhi ya kuvu hizo hutoa uyoga juu ya ardhi, nao akina mama huuchuma kwa mboga. Ukiikata miyombo yote ya kilima, uyoga wa aina hiyo hautaota tena hapo, hata kama mvua itanyesha vizuri.

Tuufuate sasa mwendo wa tone la mvua. Tone kubwa linaloanguka kutoka mawinguni hupiga kwa nguvu. Likipiga udongo ulio wazi, huzirusha chembe za udongo huku na huku, na vijitundu vya udongo huzibika. Maji yasiyoweza kupenya hutiririka juu ya ardhi na kuzichukua chembe zile zilizolegezwa. Lakini msituni tone hupiga kwanza jani, kisha jani lingine, kisha nyasi, na mwisho huangukia majani makavu. Nguvu yake imekwisha. Chini, mizizi, mchwa na minyoo wametoboa njia nyingi za kupitishia maji.

Wapo wasemao kwamba mti huleta maji, na wapo wasemao kwamba mti huyamaliza. Maneno yote mawili yana ukweli kidogo. Mti hunywa maji, na miti inayokua upesi kama mikaratusi hunywa mengi; kwa hiyo si busara kuipanda kando ya chemchemi. Lakini mahali pasipo na miti wala nyasi, maji ya mvua hukimbia yote kwa siku moja, na hakuna akiba inayobaki.

Moto nao ni lazima tuutaje. Moto uwashwao mwezi wa Mei au Juni, nyasi zikiwa na ubichi, hupita upesi na kwa kawaida hauui miti mikubwa. Moto wa Septemba na Oktoba huwa mkali mno. Huunguza yale majani machanga mekundu, huua miche, na huacha ardhi tupu wiki chache tu kabla ya mvua ya kwanza.

Jaribio: Mvua juu ya miteremko mitatu

Jaribio hili lifanyieni nje ya darasa. Mtahitaji madebe matatu ya bati yaliyokatwa kwa urefu, ili kila moja liwe kama hori, udongo wa shambani, nyasi kavu, kopo lililotobolewa matundu madogo chini, chombo cha kupimia maji, na chupa tatu zisizo na rangi.

Jazeni udongo wa aina moja katika madebe yote, kwa kiasi kilicho sawa. Inueni ncha moja ya kila debe kwa tofali ili madebe yote yawe na mteremko ule ule. Katika ncha ya chini katenipo mdomo mdogo wa kutolea maji, na wekeni chupa hapo kukinga.

Udongo wa debe la kwanza uacheni wazi. Debe la pili lifunikeni kwa nyasi kavu. Katika debe la tatu, tandazeni nyasi kwa mistari iliyokingamana ili kufanya miraba midogo. Kisha chimbeni udongo katikati ya kila mraba kwa kijiko, na udongo huo ufukieni juu ya nyasi. Mtapata vishimo vilivyozungukwa na vituta pande zote.

Sasa mimineni lita mbili za maji kwa kopo lile juu ya kila debe, kwa kimo kile kile na kwa mwendo ule ule. Kwa nini ni lazima kimo kiwe kimoja? Ikiwa mtabadilisha mambo mawili kwa mara moja, hamtaweza kujua ni lipi lililoleta tofauti.

Katika daftari chora jedwali, uandike: maji yalianza kutoka baada ya muda gani, yalitoka kiasi gani, na yalikuwa na rangi gani. Acheni chupa mpaka kesho yake, mpime tabaka la udongo kwa rula. Debe la kwanza litatoa maji upesi na mekundu. La pili litachelewa, na maji yake yatakuwa safi zaidi. Katika debe la tatu vishimo vitajaa kwanza. Mengine yatategemea ustadi wa mikono yenu. Kituta kilichofanywa kwa uvivu hubomoka, na kikibomoka kimoja cha juu, maji yake huvibomoa vya chini. Basi msikate tamaa jaribio likiharibika, kwa maana hata shambani huwa hivyo.

Hesabu ndogo: Hekta moja ni mita za eneo 10,000. Ikiwa mvua za mwaka zimeondoa tabaka la udongo lenye unene wa milimeta moja tu katika shamba la hekta moja, udongo uliopotea ni mita za ujazo 10. Debe moja huchukua lita 20. Kwa hiyo ni madebe 500 ya udongo, na mwenye shamba huenda asitambue lolote, kwa sababu milimeta moja haionekani kwa macho.

Ngolo za Wamatengo

Debe la tatu halikubuniwa na mwandishi wa kitabu hiki. Ni mfano mdogo wa mashamba ya Wamatengo katika milima ya Mbinga. Mashamba hayo huitwa ngolo. Wengine hutamka ngoro. Ukiyatazama kutoka ng'ambo ya bonde, mlima mzima huonekana kama sega la nyuki.

Katika karne ya 19 Wangoni walipoingia sehemu za Songea, Wamatengo wengi walikimbilia miteremko ya juu ili kujihami. Mahali palikuwa padogo na watu walikuwa wengi. Hawakuweza kuhamahama kufuata ardhi mpya. Iliwabidi walime mteremko ule ule mwaka hata mwaka bila kuupoteza, na jibu lao likawa ngolo.

Kazi huanza mvua zinapokaribia kwisha, Februari au Machi. Kwanza nyasi ndefu hufyekwa na kuachwa zikauke kwa siku kadhaa. Halafu hulazwa kwa mistari inayokatana, na kufanya miraba yenye upana wa mita moja na nusu au zaidi kidogo. Kwa desturi kufyeka na kulaza nyasi ilikuwa kazi ya wanaume. Baada ya hapo wanawake huchimba udongo wa katikati ya mraba na kuutupa juu ya nyasi, mpaka kila mraba uwe shimo lenye matuta pande nne. Maharage hupandwa juu ya matuta hayo. Maharage yakisha kuvunwa, mahindi hupandwa juu ya matuta yale yale mvua mpya zinapoanza.

Angalia jinsi kitu kimoja kinavyofanya kazi nyingi. Shimo hupokea maji ya mvua na kuyazuia yasikimbie, nayo huzama ardhini polepole. Udongo unaoporomoka kutoka kwenye tuta huangukia shimoni badala ya kwenda mtoni. Magugu yanayopaliliwa hutupwa humo humo, yakaoza. Na zile nyasi zilizofukiwa huliwa na bakteria na kuvu, zikawa mboji chini ya mizizi ya mahindi. Mkulima ametengeneza kinga ya udongo na mbolea kwa jembe moja.

Katika miaka ya 1990 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, pamoja na wenzao wa Chuo Kikuu cha Kyoto cha Japani, walikwenda Mbinga kuzichunguza ngolo. Lakini wasomaji wasidhani kwamba ngolo zilianza kuwa na maana siku wataalamu walipofika. Katika milima ya Uluguru, serikali ya kikoloni iliwalazimisha watu kuchimba matuta ya ngazi bila kuwasikiliza. Mwaka 1955 watu walikataa, na ghasia zikatokea. Matuta yale yalifukua udongo wa chini usio na rutuba na kuuweka juu, na kazi yake ilikuwa nzito bila faida iliyoonekana. Ngolo humlipa mkulima kwa maharage ya miezi michache tu baadaye.

Hata hivyo ngolo si dawa ya kila kitu. Ni kazi ngumu, inayohitaji mikono mingi kwa wakati mmoja. Shamba lisilopumzishwa halioti nyasi za kutosha za kufukia. Na pale ambapo msitu umefyekwa kwa shamba jipya, kisha likalimwa kwa matuta marefu yanayoshuka na mteremko, kila mfereji kati ya matuta huwa barabara ya maji.

Udongo unapofika ziwani

Ziwa Nyasa lina kina cha mita 700 hivi mahali pake pa ndani kabisa, lakini samaki hawaishi kote humo. Chini ya mita 250 hivi maji hayana oksijeni. Kwa hiyo samaki hukaa katika maji ya juu, na wengi wao hukaa karibu na pwani. Ni hapo hapo karibu na pwani ambapo udongo wa mito hutua kwanza.

Mbuna ni samaki wadogo wa rangi nzuri wanaoishi kwenye miamba. Aina nyingi za samaki hao hazipatikani mahali pengine popote duniani. Wengi wao hula utelezi wa kijani unaoota juu ya mawe, nao utelezi huo huhitaji mwanga. Matope yakitanda majini mwanga hupungua, na yakitua juu ya mawe huufunika utelezi.

Lakini samaki anayetufundisha zaidi ni mbasa. Huyu ni samaki mkubwa, anayependwa sana kwa chakula. Nchini Malawi huitwa mpasa. Maisha yake huyapitisha ziwani, ila wakati wa mvua hupanda mito, kama vile Ruhuhu, akatafuta mahali penye changarawe safi na maji yaendayo kasi. Hapo hutaga. Mayai hujificha katikati ya vijiwe, na maji yanayopita huyaletea oksijeni. Je, ni nini kitakachotokea ikiwa matope yatajaza nafasi zilizo kati ya vijiwe? Maji hayapiti, oksijeni haifiki, na mayai hufa. Mvuvi huziona nyavu tupu, naye hawezi kujua kwamba mbasa wale walikufa kabla ya kuanguliwa, kwa udongo wa shamba ambalo hajaliona. Uvuvi wa kutega nyavu milangoni mwa mito wakati samaki wanapanda umewapunguza pia, na mbasa sasa ni miongoni mwa samaki walio hatarini kutoweka.

Hapo ndipo pana ugomvi wa zamani. Watu wa ziwani huwalaumu watu wa milimani kwa kuchafua maji. Watu wa milimani hujibu kwamba hata mwambao mihogo hulimwa kwenye vilima vikali mpaka ukingoni mwa kijito, na kuni za kukaushia samaki hukatwa kwenye vilima hivyo hivyo. Chupa yako ya matope haitaji jina la shamba. Lakini ukipanda na kijito, ukachota maji kila mahali ambapo kijito kingine kinaingia, utajua ni mkono upi ulio mwekundu na upi ulio safi.

Yanayolindwa kwa sheria

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto au ufuko wa ziwa. Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 inakiwezesha kijiji kutenga msitu wake chenyewe na kuutungia kanuni. Karibu na mpaka wa Msumbiji liko Pori la Akiba la Liparamba, ambalo huhifadhiwa na serikali. Hata nyumbani pana hifadhi: bustani yenye migomba, miembe na kahawa iliyopandwa chini ya kivuli hufunika udongo kwa ngazi mbili au tatu za majani, karibu kama msitu.

Kazi za kufanya

Kazi ya 1 na ya 2 zifanyeni pamoja na mwalimu au mzazi. Usiingie mtoni peke yako, hasa karibu na mlango wa mto, kwa maana huenda pakawa na mamba.

1. Chagueni kijito kimoja. Chukueni maji katika sehemu nne, tangu chini mpaka juu, siku moja baada ya mvua. Andikeni kwenye kila chupa mahali yalipochotwa. Yakisha kutua, pimeni tabaka la udongo. Ni wapi tabaka linaongezeka ghafula? Pana nini kando ya kijito mahali hapo?

2. Pimeni hatua 80 kubwa kutoka ukingo wa kijito hicho. Ni miti mingapi iliyosimama katika nafasi hiyo, na ni visiki vingapi?

3. Ikiwa kuna shamba la ngolo karibu, mwombe mwenye shamba ruhusa, upime urefu, upana na kina cha shimo moja. Kadiria ni lita ngapi za maji zinazoweza kukaa humo. Kisha hesabu mashimo yaliyo katika eneo la mita 10 kwa mita 10.

4. Mwulize mzee mmoja mwanamume na mzee mmoja mwanamke: zamani kijito hiki kilikauka mwezi gani? Uyoga wa aina gani ulichumwa, na wapi? Mbasa walionekana mpaka wapi? Andika majibu yao kama walivyosema, hata kama hayakubaliani.

5. Kwa nini chemchemi inaweza kutoa maji mwezi wa Oktoba, ilhali mvua ya mwisho ilinyesha Mei?

6. Mkulima ana mteremko mkali, watoto sita wa kulisha, na hana shamba lingine. Jadilianeni darasani: mngemshauri afanye nini mwaka huu, na nani amsaidie kazi hiyo?